Kanyaga, Kaka

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu inaruka, mnisamehe. Nimejaribu kuhuzunika, nimeshindwa. Tunamkumbuka Mama Pindo. Fundi cherehani. Ndiyo, fundi cherehani aliyefufua kalipa za breki nyumbani kwake, juu ya meza ileile ya kukatia vitambaa!

Kalipa, kwa usiyeijua, ni kile chuma kinachobana sahani ya gurudumu, gari likasimama. Ndani mna pistoni na mpira mwembamba. Mpira ukichoka, wengi hutupa kalipa nzima. Mama Pindo alisema, "Gauni halitupwi kwa kifungo kimoja."

Kalipa ya kwanza aliipaka mafuta ya cherehani. Mafuta ya cherehani, jamani! Mpira ukavimba, gurudumu likagoma. Kaka yake, fundi magari, akacheka mpaka akakaa chini. "Dada, breki si pindo la gauni!" Jina likazaliwa hapo. Ugomvi nao ukazaliwa hapo. Dada mtu akamwonyesha mlango: "Usikanyage tena kwangu!"

Kaka mtu hakukanyaga. Miaka sita, wasikilizaji. Sita.

Mama Pindo akakosea, akarudia. Akasugua kutu kwa mswaki, akaingiza mipira kwa vidole vilivyozoea uzi. Siku moja pistoni ilichomoka kwa upepo wa pampu ya baiskeli, ikabonyeza sufuria. Binti yake anasema, "Mama alishangilia kama kafunga goli. Sisi tulikuwa chini ya meza."

Ikafika harusi ya binti huyo. Gari la bibi harusi ni la mama, na kalipa kazifufua mama. Ilibaki kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja chini ya gari, mwingine kwenye pedali. Lakini wote wameshavaa nguo za harusi, wanakimbia kuchafuka mafuta. Mama yuko chini ya gari, anaona viatu vimesimama nje ya geti. Anavijua.

"Wewe! Kanyaga!"

Kaka mtu anasimulia: "Nikamuuliza, nikanyage vipi na ulinikataza? Akasema, kanyaga breki, kaka, mwanao anachelewa!"

Akaingia. Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga. Shikilia. Achia. Kisha mama akashika usukani, akaenda kujaribu breki kwenye mteremko. Kaka, yuleyule aliyecheka, akapanda pembeni yake bila kuombwa. Mama akakanyaga. Gari likasimama palepale!

"Nililia," anasema kaka mtu. "Nikamwambia, dada, hili pindo limekaa."

Mama Pindo ametutoka wiki hii. Pole binti, poleni wajukuu, pole sana kaka mtu. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu uliyemkataza mlangoni pako, mfikirie leo. Usingoje harusi.

Kaka mtu ameniachia ujumbe. Mezani kwa dada yake kuna kalipa moja haijafungwa. Ataifunga yeye. Anaomba mtu wa kumkanyagia.

Nikitoka hapa studio, nakwenda mimi.