Ngokela Kwenye Shingo ya Mama Ottilia

Mlio ninaoukumbuka kuliko yote ni wa slaidi ikiwekwa juu ya meza ya mbao: tik, kisha kimya. Maana yake Mzee Wendelin Kumburu hajaridhika na alichokiona kwenye hadubini, na hakuna atakayekwenda kula kwanza.

Mlio huo umesikika katika maabara ya hospitali yetu ya misheni kwa miaka thelathini na mitatu. Mzee Wendelin, mzaliwa wa Lipingo kando ya ziwa, alianza kazi mwaka 1966 na anastaafu tarehe 30 Juni 1999. Ndiye aliyetuwezesha kupima uvimbe wa shingo hapa hapa, badala ya kupeleka sampuli Dar es Salaam na kusubiri mpaka mgonjwa akate tamaa. Mwaka huu wengi wameuliza kama akiondoka tutarudi kulekule.

Tezi la shingo ni jambo la kawaida huku milimani. Kinamama hulifunika kwa kitenge na kuendelea na palizi. Ndivyo alivyofanya Mama Ottilia wa Matiri, hadi siku alipofika hospitalini kupimwa. Slaidi yake ya kwanza ilijaa seli nyeupe za damu, zile za kinga ya mwili, hata ikawa vigumu kuona kilichojificha katikati yake. Tik. Ilihitajika sampuli nyingine, lakini mwenyewe alikwisharudi nyumbani. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia wilayani na bei nzuri, na kila mtu alikuwa akipalilia mibuni aliyoitelekeza.

Mzee Wendelin akamfuata. Alikuta ngokela, majirani wamekusanyika kumlimia, naye akakabidhiwa jembe kama kila anayefika.

“Baba Maabara, hilo jembe, si kasia,” walimtania. “Ukivuta hivyo utatufikisha Malawi.”

Walipoketi kunywa pombe ndipo akasema. Anahofia kuna saratani. Seli nyeupe zimekuja shingoni kwa ngokela, na nyingi zinachapa kazi kweli. Lakini zipo zilizokuja kunywa tu, na nyingine zinayamwagilia magugu yenyewe. Shamba hilo halitaisha bila daktari wa upasuaji.

“Na wewe uko kundi gani, baba?” Mama Ottilia akamuuliza. “Maana mstari wako wa kulima haujaisha.”

Akaumaliza. Kesho yake mama akaja.

Sampuli ya pili ilionyesha saratani, na alipasuliwa mapema. Daktari alisema huenda zile seli za kinga zilisaidia kuizuia isienee. Maharage tutakayokula leo katika hafla hii ya kumuaga Mzee yametoka kwa Mama Ottilia, na ameyabeba mwenyewe.

Mzee wetu, asante. Rudi Lipingo ukavute kasia bila mtu wa kukucheka, wewe na mkeo, mama yetu Recho, na samaki wasikosekane mezani.

Mimi niliyefundishwa naye nilikuwa nimepata nafasi katika maabara ya mtu binafsi Dar es Salaam. Jumatatu niliwapigia simu kutoka posta ya Mbinga nikawaambia siendi. Ufunguo wa maabara ninao.