Kifuniko cha Chumvi Inayokunywa Maji

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea kibanda cha fundi viatu, mkabala na geti la nyuma la chuo. Mguu wake mmoja ni mfupi, tumeuwekea tofali. Hapo ndipo tunapotatua matatizo ya dunia, ya kwetu tukiyaacha nyumbani. Yupo fundi viatu mwenyewe, tunamwita Daktari kwa kuwa hushona majeraha ya ngozi. Yupo Redio, mlinzi mstaafu, ambaye habari hazimpiti, na zikimpita huzitunga. Yupo muuza kahawa na birika lake. Na mimi, mwosha chupa wa maabara ya chuo, ambaye wameniita Mcha Mungu. Jina hilo nalipenda kuliko ninavyolistahili, Mola anisamehe, na ndilo lililoniponza.

Jumatano ile dhambi yangu ilikuwa juu ya ubao wa drafti na hakuna aliyeijua. Ijumaa nilikuwa napangusa makopo. Nikafungua la magnesiamu salfeti kavu nisafishe shingo yake, mara wakati wa ibada ukafika. Nikatia kifuniko mfukoni, nikakimbilia safu ya kwanza. Si ili Mungu anisikie zaidi, ni ili watu wanione. Kopo likakaa wazi hadi Jumatatu. Chumvi hiyo hunywa unyevu wa hewani, nikaikuta imefanya ganda juu kama uji uliolala. Ningesema tu, ganda lingekwanguliwa likatupwa, basi. Mimi nikachukua bisibisi, nikalivunja, nikalikoroga mpaka chini lisionekane, nikafunika kopo kwa nailoni na mpira. Ya juu ikaiharibu ya chini. Kifuniko chenyewe kilikuwa kimenidondoka kijiweni Jumamosi, Redio akakidaka kiwe kingi wa drafti badala ya kizibo chake kilichopotea.

Mwenye funguo za maabara ni fundi wake, mwanamke makini anayeniita baba. Chumvi iliposhindwa kazi darasani, akapewa barua: ajieleze Jumatano hiyo kabla ya saa nane mchana, la sivyo asimamishwe kazi. Aliniuliza. Nikamjibu, sijui.

Sasa nikajaribu kuutua mzigo kwa mlango wa nyuma.

— Jamani, kuna rafiki yangu kazini ameacha kopo la chumvi wazi, ikaharibika. Afanyeje?

— Chumvi haiharibiki, akasema Daktari, macho kwenye soli. Ingekuwa inaharibika, bahari ingenuka.

— Si ya mboga. Ni ndugu yake ile wazee waliyoiita chumvi ya haluli. Ila ya haluli ina maji yake ndani. Hii imekaushwa, ina kiu.

Daktari akashika tumbo.

— Haluli! Bibi yangu aliwahi kuninywesha kikombe kizima. Nilitoka jikoni mbio. Sikufika.

— Kumbe chuoni wanawanywesha watoto wa watu? akadakia Redio, huku akisogeza kizibo dhidi ya muuza kahawa.

— Hawanywi! Wanafunzi wanatoa mafuta kwenye mchaichai kwa kemikali. Ile kemikali hubaki na maji kidogo, ina ukungu. Unatia chumvi hii, unatikisa. Ikigandamana chini, maji bado yapo, unaongeza. Ikianza kuelea punje punje kama vumbi, maji yamekwisha, unachuja. Jana wametikisa mpaka mikono ikauma, ukungu uko palepale.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Daktari.

— Hii haijazi, inakausha.

— Ni hivyo hivyo, kwa upande wa pili.

Redio akainua kidole.

— Sasa nimeelewa kwa nini mvua zimepungua. Ile ndege ya alfajiri inamwaga chumvi hiyo mawinguni.

— Umeiona?

— Nimeisikia. Ndege ya kawaida haina ule muungurumo wa kiu.

— Ndiyo maana viatu vinapasuka! Daktari akapiga goti. Ngozi imenyonywa maji, lawama napewa mimi.

— Na kahawa yangu je? akauliza muuza kahawa. Tangu Jumamosi birika linaisha kabla ya adhuhuri. Kipi kipya hapa tangu Jumamosi?

Akakikodolea kifuniko.

— Kingi wangu asiguswe, Redio akaonya.

— Kinakunywa kahawa yangu hicho!

— Kifuniko hakinywi, nikasema, inayokunywa ni chumvi...

— Umejuaje kuwa ni cha chumvi? akauliza muuza kahawa.

Kahawa ikanipalia. Nikasema nimekisia. Uongo wa pili huo, na hata jasho la ule wa kwanza halijakauka.

Daktari alikuwa ameshakinyakua, ulimi nje, akilambe ahakikishe kama ni haluli.

— Usionje! nikapiga kelele. Sheria ziko ukutani kule: usionje, usitimue vumbi lake, vaa miwani na glovu, andika tarehe uliyofungua, na funga kifuniko.

— Hiyo ya mwisho rafiki yako hakuisoma? akauliza Daktari.

— Kila siku anaipangusa vumbi.

— Wahenga walisema, mficha uchi hazai, akasema Redio, akinitazama usoni.

Nikajifanya napuliza kahawa.

— Unamwambia nani?

— Daktari. Kamficha kingi wangu kiganjani. Rudisha!

Kingi akarudi ubaoni. Hapo ndipo fundi wa maabara alipovuka barabara, koti jeupe mwilini, karatasi mkononi.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimeandika maelezo. Kwamba Ijumaa asubuhi nilifunga kopo kwa mkono wangu, na kilichotokea baadaye sikijui. Wanataka shahidi. Weka saini hapa na wewe kwamba hujui. Wewe watakuamini, baba. Chuo kizima kinajua unavyomcha Mungu.

Akanipa kalamu. Redio, ambaye hangojei msiba wa mtu, akala vizibo viwili kwa mkupuo na kwa furaha akambwaga kingi wake chali. Maandishi yaliyokuwa yamelalia ubao yakatokea: tarehe ya kufungua kopo na herufi mbili za jina la mwanamke yule, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Akainama. Akayasoma.

— Hiki kimefikaje hapa?

Redio, anayejua ndege zinamwaga nini, akatazama miguu yake. Daktari akadunga sindano hewani, kiatu kikiwa chini. Muuza kahawa akafunika birika ambalo lilikuwa limefunikwa.

Nikaichukua karatasi. Chini ya neno "sijui" nikaandika: "Mimi najua. Kopo nililiacha wazi mimi, nikakoroga mimi." Nikaweka jina langu la kwenye cheti, si lile la kijiweni.

Alisoma taratibu.

— Ungeniambia, baba. Hata baada ya kuikoroga. Chumvi ningeitia kwenye tanuri la maabara, ikakauka, ikarudi kama zamani.

— Sasa najua.

— Na mimi ungenitia tanuri gani?

Nikaokota kifuniko ubaoni, nikamfuata kuelekea getini. Yeye mbele, hanisubiri.

— Mcha Mungu! Redio akaita. Sasa nicheze na nini?

Nyuma yangu muuza kahawa akatikisa birika. Lilikuwa tupu, na safari hii hakukilaumu kifuniko.