Oili ya Gari la Volker

EBERHARD: Haloo? Nani mwenzangu? Sioni jina hapa, miwani iko jikoni.

MAREIKE: Ni mimi, Baba. Mareike.

EBERHARD: Mwanangu! Leo umenikumbuka! Mbona kelele hivyo, uko wapi—

MAREIKE: Kituo cha mafuta, barabara kuu, karibu na Kempten. Baba, nina haraka. Gari lenye turbo linawekwa oili gani?

EBERHARD: Gari la nani?

MAREIKE: La... rafiki. Taa ya njano ya oili imewaka. Hapa kuna madumu rafu nzima, mengine bei chee—

EBERHARD: Achana na bei chee! Turbo inazunguka kama imepandwa na shetani, na inachemka balaa. Kinachoiokoa ni ule utando mwembamba wa oili, basi. Ukitia oili ya ovyo inaungua, inageuka masizi mle ndani, turbo kwaheri. Unataka oili ya sintetiki kamili. Fungua kitabu cha gari—

[Sauti ya mwanamume, kwa mbali: "Mwambie oili ni oili tu! Tutie hii ya trekta, twende!"]

EBERHARD: Nani huyo?

MAREIKE: Nani?

EBERHARD: Huyo anayesema oili ni oili.

MAREIKE: Ni Volker, Baba.

EBERHARD: Ahaa. Volker wa mama yako.

MAREIKE: Baba, tafadhali usi—

EBERHARD: Sijasema kitu! Mnaenda wapi?

MAREIKE: Italia. Ziwani. Nilitaka kukuambia, ila—

EBERHARD: Na lile gari alilokuja nalo kwenye mahafali yako? Lililounguruma mpaka hotuba ikasimama?

MAREIKE: Ndilo.

EBERHARD: Basi mwache atie ya trekta.

MAREIKE: Baba!

EBERHARD: Atie hata mafuta ya kukaangia viazi! Mtu mzima yule, ana—

MAREIKE: Mama yumo garini.

EBERHARD: [simu inakwaruza]

MAREIKE: Haloo? Baba?

EBERHARD: Amekaa mbele?

MAREIKE: Mbele.

EBERHARD: Ile milima ya kwenda Italia... turbo ikifia kule juu, gari linaishiwa nguvu katikati ya malori. Mareike, kitabu. Sasa hivi. Ukurasa wa oili. Kuna namba ya oili iliyoidhinishwa na kiwanda.

MAREIKE: Ngoja... nimeiona.

EBERHARD: Tafuta dumu lenye namba hiyo nyuma. Si inayofanana nayo. Hiyohiyo.

MAREIKE: Lipo. Lakini ghali, Volker anaguna.

EBERHARD: Mwache agune. Gari lisimame pa tambarare, injini ipoe kidogo. Pima kwa kijiti cha oili, tia kidogo, pima tena, isipite alama ya juu. Na akishapanda mlima, akisimama asizime injini ghafla. Aiache ingurume taratibu, turbo ipumue.

MAREIKE: Anakusikia. Nimeweka spika.

EBERHARD: Tangu lini?

MAREIKE: Tangu... mafuta ya viazi.

EBERHARD: Mungu wangu.

MAREIKE: Anacheka, usijali. Na Mama anasema asante. Anauliza kama unakula vizuri, na leo unafanya nini.

EBERHARD: Mimi? Nina shughuli tele. Niko chini ya gari langu hapa, namwaga oili. Mwambie hivyo. Mikono yote myeusi.

MAREIKE: Baba.

EBERHARD: Nini?

MAREIKE: Gari si uliliuza? Masika?

EBERHARD: Krrr... haloo? Sikusikii— mtandao— krrr...

MAREIKE: Mtandao uko sawa. Hiyo krrr unaifanya kwa mdomo.

EBERHARD: Krrr... unakatika, mwanangu—

MAREIKE: Nikirudi nitapita kwako. Jumapili. Umenisikia?

EBERHARD: Krrr... fungeni mikanda... krrr...

MAREIKE: Baba!

EBERHARD: ...nyote watatu.