Mama Euphrasie, Msomaji wa Maboksi ya China

Baada ya miaka kumi na saba kwenye mlango wa mapokezi wa ghala letu hapa mjini New Hope, Mama Euphrasie Kalume anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026. Kamati ya sherehe iliniomba niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa sote humu tuna hofu.

Alianza kazi mwaka 2009, miezi minne tu baada ya kufika kutoka Uvira, akipasua maboksi ya simu za China, kitenge kikiwa juu ya suruali ya baridi. Wakati huo ghala lilipokea paleti ishirini kwa mwezi, zile mbao zinazopangiwa maboksi. Miaka sita baadaye zilifika mia tatu. Bila kutumwa na mtu, aliandika kwenye daftari mwezi ambao simu za kila shehena ziliundwa na mwezi iliotufikia. Pengo likiwa fupi, alijua simu zinanunuliwa. Likirefuka, alijua zimelala mahali. Msimamizi wetu, Ken, ana kompyuta mbili, na bado alikuwa akimwuliza yeye.

Kila Februari malori hupungua. Mwaka wangu wa kwanza, 2023, niliona mlango mtupu wiki tatu, nikaamini kampuni imekufa. Nikaaga watu, hata koti langu la kazi nikampa mwenzetu Mugisha. Mama alicheka hadi akakaa chini. "Mungoje tu, Bachina beko mu fête. Batarudia." Kumbe viwanda vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya mwaka mpya wao. Malori yakarudi. Koti, Mugisha analivaa mpaka leo bila haya.

Mwaka huu Februari iliisha, Machi ikaisha, mlango ukabaki mtupu. Simu nyingi sasa zinaunganishwa India na Vietnam, nazo kampuni inazishusha kwenye ghala lake la Texas. Aprili tulipata paleti kumi na moja. Nilimkimbilia Mama nikitarajia acheke. Hakucheka. "Hii mara sijue, Zacha."

Wiki hiyo Ken alitangaza kwamba nafasi moja itaondolewa, ya mtu aliyeajiriwa mwisho. Mtu huyo ni mimi. Siku tatu sikula vizuri, na mke wangu Nkirote sikumwambia kitu. Siku ya nne nilikwenda kurudisha beji ya kazi, Ken akanisukumia tena mkononi na kunieleza. Kumbe Mama, aliyekuwa amepanga kubaki hadi mwisho wa mwaka ujao, alikuwa ameomba nafasi itakayoondolewa iwe yake.

Mama, Jumatatu nitasimama mahali pako, na sijui kama lori litakuja. Naogopa sana. Asante kwa mshahara wa nyumba yangu. Mungu akupe afya na mapumziko matamu huko kwako Hopkins, na ukipiga magoti jioni, ututaje kwa majina.

Zachariah, Mapokezi