Mizinga ya Bobi

LUGEMBE: Haloo? Naongea na Mama Recheli?

RECHELI: Inategemea. Nani mwenzangu?

LUGEMBE: Shikamoo mama.

RECHELI: Marahaba. Nani wewe, nimeuliza.

LUGEMBE: Naitwa Lugembe, napiga kutoka Ntalikwa. Namba kanipa bwana mifugo, Silasi. Kasema wewe ndiye yule mama wa huko Cheyo unayeokota mbwa waliotupwa, unawatibisha, halafu unawagawa.

RECHELI: Siwagawi. Pipi ndiyo inagawiwa. Mimi natafuta mtu wa kumkabidhi.

LUGEMBE: Basi nami naomba kukabidhiwa mmoja. Yule mwekundu.

RECHELI: Bobi? Ninao watano hapa. Kwa nini yeye?

LUGEMBE: Silasi alinionyesha picha kwenye simu yake, nikaona huyu anani— (mtandao unakwaruza) —wangu.

RECHELI: Husikiki.

LUGEMBE: Subiri nipande kichuguu. (Anapanda.) Sasa?

RECHELI: Sasa nakusikia. Anayetaka mbwa huuliza kwanza kama anauma. Wewe hujauliza.

LUGEMBE: Anauma?

RECHELI: Umechelewa. Unafanya kazi gani?

LUGEMBE: Mkulima. Tumbaku, na nyuki kidogo.

RECHELI: Tumbaku. Nilijua tu. Watu wa tumbaku nawajua, nimeolewa na mmoja. Mkilipwa mnanunua redio, godoro na mbwa. Ikifika Januari hata chumvi ya kukopa. Na mbwa anaugua lini? Januari hiyohiyo, majani yakishaota na kupe wamejaa.

LUGEMBE: Ndiyo maana mimi—

RECHELI: Sijamaliza. Kuna chanjo ya kichaa kila mwaka. Kuna minyoo, kuna dawa ya kupe. Hapo ni mzima, hajaumwa. Huyu aligongwa na pikipiki, mguu wa nyuma ukavunjika. Mtu akamtia kwenye kiroba cha mkaa, akamwacha getini kwa Silasi alfajiri, akaenda zake. Ule mguu una chuma ndani. Nimeshona sare za kwaya nzima, sauti zote nne, kulipia hicho chuma. Mara ya pili sishoni. Upo?

LUGEMBE: Nipo.

RECHELI: Kwa hiyo Januari akiugua, unafanyaje?

LUGEMBE: Nimemtengea mizinga.

RECHELI: Nini?

LUGEMBE: Mizinga ya nyuki, mama. Miwili, iko kwenye mninga kule porini. Tumbaku ni ya watoto na shule, siiahidi kwa mtu. Ila asali ya ile miwili ni yake. Nimerina mwezi wa sita, nimeifunga kwenye ndoo. Asali haiozi. Januari, watu wote wameishiwa, ndipo bei inapanda. Nauza, nampeleka kwa Silasi. Ndoo moja Silasi keshaipokea, iwe akiba ya dharura. Muulize.

RECHELI: Umelipia matibabu ya mbwa ambaye huna.

LUGEMBE: Ndiyo.

RECHELI: Hujamwona ana kwa ana, ushamwandikia urithi. Wenzako nawabembeleza wanunue hata dawa ya minyoo, wanazima simu. Hapa pana kitu, bwana. Unataka kumpeleka kwa wawindaji?

LUGEMBE: Hapana mama, atakaa nyumbani. Hata kwenye mizinga siendi naye, anaogopa mo—

RECHELI: Anaogopa nini?

LUGEMBE: Haloo? Mtandao huu—

RECHELI: Usiusingizie mtandao. Nakusikia mpaka pumzi. Anaogopa nini?

LUGEMBE: Moshi.

RECHELI: Nani kakwambia?

LUGEMBE: Mbwa wengi wana—

RECHELI: Hawa wanne wengine moshi hauwasumbui. Mimi mwenyewe nimejua juzi, gesi ilipokwisha nikawasha mkaa, Bobi akajibanza chini ya cherehani akitetemeka. Silasi sijamwambia. Na kwenye picha hakuna moshi.

LUGEMBE: Mama, mimi—

RECHELI: Kile kiroba kilikuwa chako.

LUGEMBE: Ilikuwa Januari, mama.

RECHELI: Sikusikii.

LUGEMBE: Ilikuwa Januari. Sikuwa na kitu. Nikasema akibaki uani kwangu atakufa watoto wakimwangalia. Pale getini, labda.

RECHELI: Labda.

LUGEMBE: Sikuwa na lingine.

RECHELI: Mimi mwenye kiroba kile nimemchukia sana. Nimemwombea mabaya ndani ya kanisa, kwaya inaimba, na hizo sare nimeshona mimi. Na hata sasa roho inaniuma, nikwambie ukweli.

LUGEMBE: Najua.

RECHELI: Hujui. Hukumsikia usiku ule wa kwanza.

(Mtandao unakwaruza.)

LUGEMBE: Basi mama. Ile ndoo ibaki tu kwa Silasi. Apewe huyo atakayemchukua. Nisamehe kwa usumbu—

RECHELI: Nimekuruhusu kukata?

LUGEMBE: Hapana.

RECHELI: Alipokuwa kwako ulikuwa unamwitaje?

LUGEMBE: Nilikuwa napiga mluzi.

RECHELI: Nakuweka spika. Piga.

LUGEMBE: Hapa juu ya kichuguu? Kuna watu wanapita, mama.

RECHELI: Wapite. Akijificha, namba yangu uifute. Piga.

(Mluzi. Mluzi tena.)

LUGEMBE: Mama? Nini hicho kinagonga?

RECHELI: Mkia. Unagonga karai la nguo.

LUGEMBE: Mama, dakika zangu zinaisha.

RECHELI: Jumapili, nikitoka kanisani. Utamkuta Silasi hapa, nimuulize hiyo ndoo mbele yako. Na hiyo mizinga nitakuja kuiona kwa macho yangu.

LUGEMBE: Njoo mama, hata kesho.

RECHELI: Usinichangamkie. Yeye kakusamehe, yeye ni mbwa. Mimi bado sikuamini.

LUGEMBE: Sawa mama. Asan—

(Simu inakatika.)

RECHELI: Haloo? Haya, keshakatika. Na wewe toka hapo mlangoni, Bobi. Ni Jumapili, si leo.