Siméon Cirhuza, Mkimbiaji Aliyepiga Magoti Kabla ya Mstari

Ndugu tuliosimama hapa makaburini Rookwood, watu kumi tu kama serikali ilivyoamuru, na ninyi wengi mnaotutazama kwa simu kutoka Guildford, Granville, Brisbane, Bukavu na Nyarugusu, Bwana asifiwe. Mimi ni Emerance, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenipa kazi hii ya kusoma kwa sababu wifi yangu Honorine, mjane wake, hana nguvu leo, na kwa sababu watoto wanasema mimi ndiye mwenye sauti kubwa. Wenye haraka mnisamehe, sitasoma mbiombio, kaka yangu alikimbia vya kutosha kwa ajili yetu sote.

Marehemu Siméon Cirhuza alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, kwenye milima ya chefferie yetu, yaani eneo letu la utawala wa jadi, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu wa baba yetu, aliyekuwa mchungaji wa ng'ombe wa nyumba ya Mwami, na kwa vijana mliokulia huku niseme wazi, Mwami ndiye mfalme wetu. Kwa hiyo Siméon alikulia kando ya uzio wa Mwami, akafundishwa heshima ya pale kabla hajafundishwa kusoma, kwamba mbele ya mtu wa ukoo wa kifalme hupiti hivihivi, unapiga magoti, unapiga makofi taratibu, kisha unangoja, na huinuki mpaka yeye akuitikie, na ukishaitikiwa unaondoka kinyumenyume, mgongo wako asiuone. Sisi wengine tulifundishwa hayohayo tukasahau nusu. Yeye yalimwingia mpaka kwenye mifupa.

Alianza shule ya msingi kwa mapadri Septemba 1968, akaendelea na sekondari Bukavu mjini, akapata diploma ya serikali Julai 1982, na katika miaka hiyo yote kila likizo alirudi kumsaidia baba kupeleka maziwa ya asubuhi kwenye uzio akiyabeba kichwani, maziwa ambayo hayaruhusiwi kumwagika njiani wala kuchelewa, na hapo ndipo miguu yake ilipojifunza kukimbia bila kutikisa kichwa. Kocha wa Bukavu alipomwona mara ya kwanza, mwaka 1983, alidhani kijana huyu ana ugonjwa wa shingo. Mwaka 1987 alikuwa bingwa wa mkoa, na mwaka uliofuata akachaguliwa kwenda Olimpiki ya Seoul, mbio za mita elfu kumi.

Habari ilipofika kwa Mwami wa wakati ule, Mwami alifanya jambo ambalo wazee walisema hawajaliona tangu wazaliwe, alimwita Siméon ndani ya uzio, akampa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe ayanywe mbele ya watu, akatamka kwamba mtoto huyu anakwenda kwa jina la Zaire lakini anakwenda pia kwa jina la nyumba hii. Nilikuwepo, msichana wa miaka kumi na minane, nikamwona kaka yangu akitetemeka mpaka maziwa yakamlowesha kidevu, yeye ambaye hakuwahi kumwaga hata tone. Mama yetu alilia mpaka kesho yake, na mimi mwenyewe nilitembea kijijini wiki nzima kama vile nimekunywa mimi.

Kule Seoul, siku chache kabla ya mbio, akiwa kwenye ukumbi wa chakula wa wanamichezo, aliona watu wanasimama, akaingia mama mmoja wa makamo, na mkalimani akamwambia huyo ni binti wa mfalme wa nchi moja ndogo ya Ulaya, nchi ambayo Siméon hakuwahi kulishika jina lake vizuri, amekuja kuwaona wanamichezo wa kwao. Kaka yangu alisema yule mama alipita meza kwa meza, akimwita kila mtoto wa nchi yake kwa jina, akawauliza habari za majeraha yao, na mkimbiaji mmoja alipotaka kufunga viatu, binti mfalme alimshikia koti lake la jasho, akaliweka mkononi kama mtu anavyoshika nguo ya mwanawe. Siméon alisahau kula. Alitusimulia jambo hilo mara nyingi sana, na kila mara alipofika kwenye lile koti alisema, jamani, koti la jasho, mkononi mwa mtoto wa mfalme, nyinyi mnalielewa jambo hilo?

Siku ya mbio, yule mama alikuwa ameketi upande wa kumalizia, karibu kabisa na njia, kwa sababu mtoto wa kwao naye alikuwa anakimbia. Mita elfu kumi ni mizunguko ishirini na mitano, na kila mzunguko Siméon alilazimika kumpita mtu wa kiti cha kifalme bila salamu, na kila mzunguko roho ilimsuta, hata pumzi ikaanza kukosa mpangilio, wenzake wakamwacha, wakamzunguka, wakamaliza. Mtoto wa nchi ya yule mama alifika wa mwisho kasoro mmoja, binti mfalme akasimama kumshangilia, na ndugu zangu, hakuketi tena, alibaki amesimama akimngoja huyu aliyebaki peke yake, mtu asiye wake, mtoto wa mchungaji kutoka Kivu. Hapo kaka yangu alishindwa. Hatua chache kabla ya mstari alisimama, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama tulivyofundishwa, akainamisha kichwa, akangoja kuitikiwa.

Sasa fikirini uwanja mzima. Waamuzi wanapiga kelele, kocha anashika kichwa, watu wanadhani anaumwa tumbo, na yeye hanyanyuki, kwa sababu hajaitikiwa, na nani kule Seoul alijua kwamba anatakiwa kuitika? Yule mama alitazama kushoto, akatazama kulia, akaelewa kwa namna ambayo Mungu peke yake anaijua, akainua mkono wake. Siméon akainuka, akauvuka mstari kinyumenyume, uso wake kwa yule mama, akawa wa mwisho.

Kinshasa walikasirika vibaya, wakamfuta kwenye timu wakisema ameliaibisha taifa mbele ya televisheni za dunia, lakini hilo halikumuumiza sana, kilichomuumiza kilimngoja nyumbani. Baraza la Mwami liligawanyika. Wengine walisema huyu alikunywa maziwa ya nyumba yetu kisha akaenda kumpigia magoti mfalme wa wenyewe, ametuuza, na wengine walisema hapana, ametuonyesha kwamba sisi ni watu wenye adabu. Mwami alisikiliza pande zote mbili, akasema neno lake atalitoa. Na kwa mila yetu, mtu ambaye neno lake liko kwa Mwami haingii kwenye uzio, haketi na wazee, hakai mbele popote watu walipokusanyika, mpaka neno litoke. Mwami alifariki Novemba 1990 bila kulitoa, mrithi alikuwa mtoto wa miaka sita, kisha vita vikaja, na nani tena angekumbuka habari ya mkimbiaji?

Tarehe 20 Januari 1990 alifunga ndoa na Honorine Chibalonza, parokiani kwetu, akakataa kuketi meza ya mbele kwenye arusi yake mwenyewe, bibi arusi akaketi pale na kiti kitupu kando yake, na wifi, mimi bado sijui ulivumiliaje. Mungu aliwajalia watoto wawili, Dieudonné, aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1992, ambaye mipaka imemzuia Brisbane na anatutazama sasa hivi, na Falone, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1997 kwenye kambi ya Nyarugusu, Tanzania, tulikokimbilia sote vita vya 1996. Kambini Siméon aliishi miaka kumi na mitatu akifundisha watoto kukimbia, na tarehe 9 Juni 2010 familia yetu ilipokelewa hapa Sydney, wao wakapata nyumba Guildford, mimi Granville, na kuanzia Februari 2011 alifanya kazi ya kushusha makontena kwenye ghala moja Port Botany mpaka alipougua. Bwana Kiptoo, dereva wa lori, alikula naye chakula cha mchana miaka sita akimweleza vile Wakenya wanavyojua kukimbia, na kaka yangu akitikisa kichwa tu, eti, kumbe.

Wengi hapa mlimjua kama yule mzee wa kanisani anayeketi karibu na mlango, mkasema Papa Siméon ni mnyenyekevu. Si kweli. Ndugu yangu alikuwa na kiburi kuliko mbuzi dume, ulizeni mke wake. Alikaa mlangoni kwa sababu alikuwa anangoja neno. Miaka thelathini na zaidi, nchi tatu, alikaa mlangoni kama mtu ambaye kesi yake haijaamuliwa, na kila nilipomwambia, Siméon, wale wote wamekufa, ingia ukae mbele, alinijibu kwamba Mwami hafi, Mwami hurithiwa.

Mwezi uliopita, mji ukiwa umefungwa, Olimpiki ya Tokyo ilionyeshwa viti vikiwa vitupu, na yeye aliitazama, nyumba nzima ikimkataza kuongeza sauti. Hakujali nani kashinda. Alisubiri kusikia ni nyumba gani ya kifalme imewapongeza watoto wake, na mtangazaji akitaja hata salamu tu, alipiga magoti pale kwenye zulia la sebuleni, akasema, unaona, Honorine, hawakuweza kuja lakini hawakunyamaza.

Tarehe 2 Agosti alianza kukohoa, tarehe 6 akachukuliwa na gari la wagonjwa kwa ugonjwa huu wa korona, mkewe na bintiye wakafungiwa nyumbani, na hakuna aliyeruhusiwa kumwona isipokuwa kwa simu. Ndipo Falone alipofanya jambo lake. Alitafuta namba ya katibu wa nyumba ya Mwami, akamtumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, kwa Kiswahili chake kile mnachokijua, akamweleza habari yote tangu Seoul. Niliposikia nilimfokea, na bado nasema haikuwa adabu, Mwami hatumiwi WhatsApp kama fundi bomba. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba baba yake anakufa na lazima mtu aulize. Nikaacha kumfokea, kwa sababu sisi wenye adabu hatukuwa tumeuliza.

Jumapili tarehe 15 Agosti, mchana, nesi Gakii, binti yetu wa Kimeru, alishika simu mbele ya uso wa Siméon, mimi, Honorine na watoto tukiwa kila mtu kwenye kidirisha chake, na kwenye kidirisha cha mwisho akatokea Mwami. Yule mtoto wa miaka sita sasa ni mtu mzima, ameketi kwenye kiti cha baba yake, wazee wamejipanga nyuma. Siméon alipomwona alianza kutoka kitandani na mipira yake ya oksijeni, Gakii akamzuia kifua, akasema, mzee, wewe tulia hapo, huyo boss wako atakusalimia ukiwa umelala. Mwami akamwomba asimulie. Akasimulia, pumzi kidogo, pumzi kidogo, koti, mizunguko, mstari, mpaka ule mkono ulioinuliwa.

Mwami akasema kwamba yule binti wa mfalme alisimama akamngoja mtoto wa nyumba yetu wakati nyumba yetu haikuwepo kumsimamia, na shukrani ile alipaswa kuitoa Mwami, na Siméon aliitoa badala yake, kisha tukamwacha mlangoni. Neno langu ni hili, akasema. Na badala ya kusema, aliinuka kwenye kiti, akapiga magoti, Mwami, ndugu zangu, alipiga magoti mbele ya simu, akapiga makofi taratibu, akainamisha kichwa.

Mimi nilifunika macho. Jambo kama hilo macho yetu hayakuumbwa kuliona. Nilipofungua vidole bado alikuwa chini, wazee nyuma yake wote wako chini, Gakii anauliza mbona mmenyamaza, mtandao umekatika? Haukukatika. Mwami alikuwa anangoja, kama anavyotakiwa kungoja kila aliyepiga magoti, na hakuna mtu duniani aliyeweza kumwinua isipokuwa mwana wa mchungaji aliyelala kitandani. Siméon alimtazama muda mrefu, machozi yanashuka kwenye ile barakoa ya oksijeni. Kisha akainua mkono.

Jumanne tarehe 17 Agosti 2021, saa nne asubuhi, Bwana alimchukua, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, ameacha mjane, watoto wawili na mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa binti yetu Gakii, ambaye mkono wake ulishika simu ile mpaka ukafa ganzi, majirani wa Guildford walioacha sufuria za chakula mlangoni na kukimbia kabla hatujasema asante, wafanyakazi wenzake wa Port Botany na Bwana Kiptoo aliyeegesha lori lake nje ya geti kwa sababu hesabu ya watu kumi ilimwacha nje, kanisa letu la Granville, na Falone, mwanangu, ambaye sitamfokea tena, au angalau si leo.

Katibu wa Mwami ametuandikia asubuhi hii kwamba kule nyumbani, kwenye baraza, kimewekwa kiti cha Siméon Cirhuza, safu ya mbele, na hakuna atakayekikalia.

Pumzika kwa amani, kaka. Umeitikiwa.