Tenga la Maganda Mabichi

Ndugu mwenyekiti, umenisimamisha mbele ya wafugaji wenzangu, basi nivumilieni. Nyie mlioketi kule nyuma, mkiona nasema taratibu mjue najizuia, maana mambo haya bado yananichoma. Jina la mtu sitalitaja. Mwenyekiti amekataza.

Uhuru ulikuwa na miaka michache tu. Mume wangu alikwenda kukata mkonge akapotelea huko huko, mimi nikabaki na cherehani. Mwalimu mmoja mtu wa bara alikuwa na mitamba wawili wa ng'ombe, akapata uhamisho, hana pa kuwapeleka. Nikampa cherehani, akanipa mitamba. Ndugu zangu, nawaambia, cherehani ile ndiyo iliyotulisha. Mitamba wakifa, sina cha kushonea wala cha kukamua.

Na sisi watu wa huku ng'ombe tulimjua kwenye sufuria. Jirani yangu mmoja alikuwa amewataka mitamba hao kabla yangu, mwalimu akamnyima. Siku ya tatu akanijia na tenga la maganda ya mihogo, mabichi, anatabasamu.

"Dada, ng'ombe wa bara hawa wanapenda maganda kuliko majani."

Nikamshukuru. Mimi, niliyekua naanika mihogo michungu! Mwanangu simpi kipande kabla hakijakauka juani sumu ikatoka, lakini nilidhani mnyama mkubwa vile ana tumbo la chuma. Mmoja akala. Mwenzake nilikuwa nimemfunga mbali. Haikupita saa, aliyekula anatetemeka, povu mdomoni. Na nani alikuja na kisu? Huyo huyo. Akachinja, akaondoka na paja na ngozi, akaniachia jina. Tangu siku ile, hata kisimani nikawa Mama Maganda.

Nikasema ni bahati mbaya. Ukaja msimu wa mabibo ya mikorosho, uraka, pombe yake, ukamkolea jirani yule, akajisifu kilabuni kwamba mihogo ile aliichagua, michungu mitupu, ili nikate tamaa nimwachie ng'ombe wote. Aliyekuja kunieleza ni mkewe mwenyewe.

Nililia siku moja. Siku ya pili nikampa jina mtamba aliyebaki: Utaniona. Kila asubuhi nikienda malishoni nampitisha mbele ya nyumba ya yule bwana, naita kwa sauti, "Utaniona! Twende, Utaniona!" Yeye anainamia uji wake.

Nikatafuta wa kunifundisha. Mama mmoja wa Musoma, mke wa kuli wa bandarini, alinicheka kwanza, kisha akakaa nami. "Mama, huyu si mbuzi," akaniambia. "Bondeni kwenye mbung'o usimpeleke. Maganda yaanike kama utakayekula ni wewe." Bwana mifugo akaja na sindano. Nikatembea na Utaniona mpaka Madimba, kulikokuwa na dume. Akazaa jike, nikamwita Bado. Sasa nikipita pale naita wawili: "Utaniona! Bado!" Mnacheka, mimi sikuwa nacheka. Chuki ile ndiyo iliyonitoa kwenda kukata majani huku mvua inanyesha.

Mwaka juzi yule bwana naye akapata ng'ombe. Akamfunga chini ya mkorosho kama afungavyo mbuzi, ng'ombe akafakamia mabibo yaliyochacha. Akanijia mbio, miguu mitupu.

"Dada, tumbo limejaa kama ngoma. Anakufa."

Nilikuwa nakamua. Nikaendelea kukamua. Ndugu zangu, ushuhuda hausemwi nusu: nilitaka afe. Kisu changu nilishakifikiria, na paja nitakaloondoka nalo. Kisha nikamsikia yule ng'ombe anakoroma, sauti ile ile ya mtamba wangu. Yeye hakuwa amenikosea kitu.

Nikachukua chupa ya mafuta ya nazi. Nilipofika, majirani wameshajaa. Nikamwambia, "Kwanza sema lile tenga alilileta nani, na kwa nini." Akanionyesha tumbo la ng'ombe. Nikarudishia kizibo. Hapo akasema, akasema yote. Tukamsimamisha ng'ombe kwenye mwinuko, kichwa juu, mafuta yakashuka, nikamkanda ubavu mpaka akacheua. Hewa yote ilimpata bwana usoni.

Akauliza anilipe nini. Nikasema sitaki kitu, nataka kumpa jina ng'ombe wake. Akakubali mbele ya watu.

Mama wa Musoma, asante. Bwana mifugo, asante. Na wewe mke wa yule bwana, popote ulipoketi, asante kwa kuniambia. Leo nina wanne. Funzo langu ni hili: mnyama usimpe kitu ambacho mwenyewe ungekianika kwanza. Na hasira kama unayo, ipeleke ikakate majani. Mchungaji wetu wa kanisani ameniuliza kama nimesamehe. Nimemwambia bado niko njiani.

Jina la mtu sikulitaja, kama nilivyoahidi. Lakini jioni mkipita upande wetu mtamsikia bwana mmoja anarudisha ng'ombe wake zizini, anaita, "Maganda! Njoo, Maganda!" Saa hiyo mimi huwa nje nachambua mchele, na sina haraka ya kuingia ndani.